Vifaa vya tiba nyumbani kwa wazee wa Marekani: Medicare hulipa nini, na kwa masharti gani?

Mzee anaporuhusiwa kutoka hospitalini akiwa hawezi tena kutembea peke yake, familia nyingi hukimbilia dukani kununua kiti cha magurudumu, kisha ndipo huuliza ni nani atakayerejesha fedha. Nchini Marekani, kuuliza wakati huo huwa ni kuchelewa. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hulipia vifaa vingi vya tiba vinavyotumika nyumbani, lakini karibu masharti yake yote hutimizwa kabla kifaa hakijavuka kizingiti cha mlango.

Jambo hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopewa makazi Marekani, na wengi wao wanaishi katika majimbo kama Texas, Kentucky, Arizona na Ohio. Wapo pia Wakenya, Watanzania na Warundi waliokaa huko kwa miongo kadhaa na sasa wanafikia umri wa kustaafu. Mara nyingi barua ya bima huandikiwa mzee asiyesoma Kiingereza, na anayeisoma ni mtoto au mjukuu.

Medicare ni nini

Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, mbele ya rais mstaafu Harry Truman, ambaye alipewa kadi ya kwanza. Bima hiyo huwahudumia watu waliotimiza umri wa miaka 65, baadhi ya watu wenye ulemavu walio chini ya umri huo, na wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kabisa kufanya kazi.

Bima hii imegawanywa katika sehemu. Sehemu A huhusika zaidi na kulazwa hospitalini. Sehemu B hulipia huduma za madaktari, vipimo, na ndiyo ambayo kwa kawaida hulipia vifaa vya tiba vya nyumbani. Sehemu D ni ya dawa. Kwa hiyo, mzee mwenye Sehemu A peke yake anaweza kulipiwa kitanda alicholazwa hospitalini, lakini asilipiwe kiti cha magurudumu anachohitaji akirejea kwake.

Sehemu B huchangiwa kila mwezi. Mwaka 2025 mchango wa kawaida ulikuwa dola 185 kwa mwezi, na wenye kipato kikubwa hulipa zaidi. Mtu hupewa muda wa miezi 7 kujiandikisha: miezi 3 kabla ya mwezi anaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na miezi 3 inayofuata. Anayechelewa bila sababu inayokubalika, kama vile kuwa na bima ya mwajiri, huongezewa asilimia 10 ya mchango kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida humfuata kwa muda wote atakaokuwa na bima hiyo.

Kifaa gani kinakubalika

Si kila kitu kinachomsaidia mgonjwa huhesabiwa kuwa kifaa cha tiba. Medicare hutazama mambo matano: kifaa kiwe cha kudumu, kinachostahimili kutumiwa mara kwa mara, kiwe na matumizi ya kitabibu, kisiwe na manufaa ya kawaida kwa mtu mzima wa afya, kifae kutumiwa nyumbani, na kitarajiwe kudumu kwa angalau miaka 3.

Vifaa vinavyotimiza masharti hayo ni pamoja na viti vya magurudumu, fremu za kutembelea, magongo na mikongojo, vitanda vya hospitali, viti vyenye choo kwa wasioweza kufika msalani, mashine za kumnyanyulia mgonjwa, mashine na mitungi ya oksijeni, nebulaiza, mashine za kusukuma hewa kwa watu wanaokatika pumzi usingizini, na vipima sukari pamoja na vibanzi vyake.

Orodha ya visivyolipiwa huwashangaza wengi. Vyuma vya kushikia vinavyofungwa ukutani bafuni, kiti cha kuogea, kikalio cha kuinua choo, lifti ya ngazi za nyumbani na nepi za watu wazima havilipiwi na Medicare ya kawaida. Hoja ya serikali ni kwamba vitu hivyo ni vya urahisi au vya usafi, au ni sehemu ya nyumba, hata kama daktari ameviandika. Mkongojo hulipiwa, lakini fimbo nyeupe ya wasioona hailipiwi. Hapo ndipo familia hujikuta zikigharimia wenyewe vifaa ambavyo humzuia mzee kuanguka.

Neno "nyumbani" nalo lina maana yake maalumu. Nyumba ya mzee mwenyewe inakubalika, na ya mwanawe pia, jambo lenye umuhimu kwa jamii ambazo wazee huishi na watoto wao. Hospitali haihesabiwi kuwa nyumbani, wala kituo cha uuguzi ambako mgonjwa anatunzwa kwa gharama ya Medicare, kwa kuwa vituo hivyo vinapaswa kuwa na vifaa vyake. Aidha, kiti cha magurudumu hulipiwa pale tu mzee anapokihitaji ndani ya nyumba: kufika chooni, jikoni au kitandani. Anayeweza kuzunguka chumbani lakini hushindwa kwenda kanisani, msikitini au sokoni, kwa kanuni za Medicare hastahili kiti hicho. Ndiyo maana maneno ambayo mgonjwa humwambia daktari yana uzito. Mzee anayeficha shida yake kwa sababu ya haya, akasema anajimudu, huenda akaandikiwa hivyo katika faili, na maombi yake yakakataliwa kwa ushahidi wa kinywa chake mwenyewe.

Daktari kwanza, muuzaji baadaye

Hatua ya kwanza ni amri ya maandishi kutoka kwa daktari au mtoa huduma mwingine anayetambuliwa na Medicare, ikieleza kifaa kinachohitajika. Faili la mgonjwa nalo lazima lioneshe sababu. Kwa kiti cha magurudumu cha umeme masharti ni makali zaidi: daktari lazima awe amemwona mgonjwa ana kwa ana katika miezi 6 kabla ya kuandika amri, na aoneshe kwamba mkongojo, fremu na hata kiti cha kusukuma kwa mikono havitoshi. Viti vingi vya aina hiyo huhitaji pia idhini ya Medicare kabla ya kutolewa.

Hatua ya pili ni kumtafuta muuzaji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wauzaji wako wa namna tatu. Wa kwanza wamesajiliwa na Medicare na wameahidi kukubali bei iliyoidhinishwa na bima hiyo kwa kila kifaa. Wa pili wamesajiliwa, lakini huamua kwa kila kifaa kama watakubali bei hiyo au la. Wa tatu hawakusajiliwa kabisa, na Medicare haitalipa chochote kwa kifaa chao, hata kama amri ya daktari ni sahihi.

Mfano wa hesabu unaonesha tofauti. Chukulia fremu ya kutembelea ambayo bei yake iliyoidhinishwa ni dola 100. Mzee ambaye tayari amemaliza kiasi cha kwanza cha mwaka, yaani fedha anazopaswa kutoa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, hulipa asilimia 20, na Medicare asilimia 80. Kwa muuzaji wa kwanza, atatoa dola 20. Muuzaji wa pili akikataa bei ya Medicare na kuuza fremu ileile kwa dola 160, mzee atabeba zile dola 20 pamoja na dola 60 za ziada, jumla dola 80, na huenda akatakiwa kutanguliza fedha zote na kusubiri kurejeshewa sehemu ya bima. Kwa muuzaji wa tatu, dola 160 zote ni zake. Ada za madaktari wasiokubali bei ya Medicare zimewekewa kikomo. Bei za wauzaji wa vifaa wasioikubali hazina kikomo.

Kiasi hicho cha kwanza kilikuwa dola 257 kwa mwaka 2025, na hubadilika kila Januari. Mzee anayenunua fremu hiyo mwanzoni mwa mwaka, kabla hajatumia huduma nyingine yoyote, hulipa dola 100 zote, ingawa huhesabiwa katika zile 257.

Swali la kumwuliza muuzaji, kwa hiyo, halipaswi kuishia kwenye "Mnapokea Medicare?" Wengi watajibu ndiyo. La kuuliza ni hili: "Mnakubali bei ya Medicare kuwa malipo kamili ya kifaa hiki?"

Zaidi ya nusu ya wazee wenye Medicare sasa hupata huduma kupitia kampuni binafsi, katika mipango iitwayo Medicare Advantage. Mipango hiyo inalazimika kulipia angalau yale yanayolipiwa na Medicare ya kawaida, na baadhi huongeza vifaa vya bafuni. Hata hivyo, kila mpango una orodha yake ya wauzaji, viwango vyake vya uchangiaji, na mara nyingi hudai idhini kabla. Mwanachama wake hupaswa kuipigia simu kampuni yake kwanza.

Kukodi au kununua

Vifaa vingi vya bei kubwa havinunuliwi moja kwa moja. Medicare huvikodi mwezi baada ya mwezi, na mzee huchangia asilimia 20 ya kodi. Kwa kiti cha magurudumu cha kawaida au kitanda cha hospitali, baada ya miezi 13 mfululizo ya kukodi, kifaa huwa mali ya mzee. Katika kipindi cha kukodi, matengenezo ni jukumu la muuzaji. Baada ya hapo Medicare huchangia matengenezo kwa uwiano uleule wa 80 kwa 20.

Oksijeni ina utaratibu wake. Kodi hulipwa kwa miezi 36. Kisha muuzaji hulazimika kuendelea kutoa mashine na kuitunza kwa miezi 24 zaidi bila kutoza kodi, na hivyo kutimia miaka 5, ingawa mgonjwa anayetumia mitungi huendelea kuchangia gharama ya hewa iliyomo. Mashine haiwi mali ya mgonjwa.

Kwa wanaokatika pumzi usingizini, mashine hutolewa kwanza kwa majaribio ya wiki 12. Kifaa hicho hurekodi saa za matumizi, na mgonjwa hutarajiwa kukivaa angalau saa 4 kwa usiku katika asilimia 70 ya siku, ndani ya siku 30 mfululizo. Anayekiacha kando ya kitanda kwa sababu barakoa inambana, bila kumwambia muuzaji ambadilishie, anaweza kunyang'anywa haki ya kulipiwa.

Wahamiaji na wakimbizi

Mtu aliyefanya kazi na kulipa kodi ya Medicare nchini Marekani kwa takriban miaka 10, au mwenzi wake aliyefanya hivyo, hupata Sehemu A bila kuichangia. Mzee aliyefika akiwa na umri mkubwa kufuata wanawe, na hakuwahi kuajiriwa, anaweza kujiunga akiwa mkaazi wa kudumu aliyekaa Marekani kwa miaka 5 mfululizo. Huyo hulipia Sehemu A kwa bei ya juu, lakini anaruhusiwa kuchukua Sehemu B peke yake, ambayo ndiyo ya vifaa.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha hali ya wakimbizi. Kwa sheria hiyo, hadhi ya ukimbizi au hifadhi ya kisiasa pekee haitoshi tena kumpa mtu Medicare. Wanaoruhusiwa ni raia, wakaazi wa kudumu na makundi machache mengine. Waliokuwa tayari katika bima hiyo bila kuwa na hadhi inayotakiwa walipewa miezi 18, muda unaoishia tarehe 4 Januari 2027. Mkimbizi aliyepata kadi ya ukaazi wa kudumu, maarufu kama "green card", haguswi na kizuizi hicho. Kwa kuwa mkimbizi huruhusiwa kuomba kadi hiyo baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja, wazee wasiowahi kuiomba wana sababu mpya ya kufanya hivyo.

Wenye kipato kidogo wana kinga nyingine. Medicaid, bima ya serikali kwa maskini inayoendeshwa na majimbo, yaweza kubeba ile asilimia 20, na katika majimbo mengi hulipia nepi na baadhi ya vifaa ambavyo Medicare hukataa. Upo pia mpango ujulikanao kama QMB, unaomlipia mzee mchango wa Sehemu B. Muuzaji aliyesajiliwa na Medicare haruhusiwi kumdai mwanachama wa QMB ile sehemu ya mgonjwa kwa kifaa kinacholipiwa na bima hiyo. Wengine wasiostahili mipango hiyo hununua bima binafsi ya nyongeza iitwayo Medigap.

Karatasi inayohitaji kusomwa kabla ya kutiwa saini

Muuzaji anayedhani kwamba Medicare itakataa kulipa hutakiwa kumpa mzee karatasi ya tahadhari, yenye jina la kifaa, sababu ya shaka na makadirio ya bei. Karatasi hiyo ina visanduku vitatu, na tofauti yake ni kubwa. Cha kwanza humaanisha: nakitaka kifaa, na madai yapelekwe Medicare kwanza. Cha pili: nakitaka, nitalipa mwenyewe, madai yasipelekwe. Cha tatu: sikitaki. Anayechagua cha kwanza hubaki na haki ya kukata rufaa. Anayechagua cha pili huipoteza. Na endapo muuzaji alipaswa kutoa karatasi hiyo asiitoe, mara nyingi hasara humwangukia yeye, si mgonjwa.

Mzee asiyeelewa Kiingereza hapaswi kuharakishwa kutia saini. Hospitali na watoa huduma wanaopokea fedha za serikali kuu wanawajibika kisheria kumpatia mkalimani bila malipo, naye ana haki ya kumwomba mkalimani wa Kiswahili. Mtoto mdogo hatakiwi kutumiwa kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura.

Madai yakikataliwa, mwanachama wa Medicare ya kawaida ana siku 120 tangu kupokea taarifa ya uamuzi kukata rufaa ya kwanza. Ikishindwa, ana siku 180 kupeleka ya pili. Ngazi zote ni tano, na ya mwisho ni mahakama ya serikali kuu. Silaha bora katika rufaa ni barua ya daktari inayotaja mambo mahususi: mzee ameanguka mara ngapi, anashindwa kufika chumba gani, na kifaa cha bei ndogo kilijaribiwa kikashindwa vipi.

Simu za "kifaa cha bure"

Vifaa vya tiba vimekuwa uwanja mpana wa walaghai. Aprili 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki watu 24 katika mpango wa kuwaandikia wazee vifaa vya kukaza mgongo, mabega na magoti wasivyovihitaji, kwa hasara iliyotajwa kuzidi dola bilioni 1.2. Juni 2025 wizara hiyo ilitangaza kesi nyingine, safari hii ya mtandao wa kimataifa uliodaiwa kuwasilisha madai ya uongo ya dola bilioni 10.6, mengi yakiwa ya mipira ya mkojo, kwa kutumia taarifa zilizoibwa za Wamarekani zaidi ya milioni 1.

Kwa kawaida ulaghai huu huanza na simu: sauti ya upole humweleza mzee kwamba ana haki ya kifaa cha bure, kisha huomba namba ya kadi yake. Madhara yake hayaishii kwa serikali. Namba ya mzee ikishatumiwa kudai kiti au mkanda ambao hakuuomba, Medicare inaweza kukataa kumlipia kifaa halisi siku atakapokihitaji, kwa kuwa kumbukumbu zinaonesha tayari anacho. Taarifa za malipo zinazotumwa na Medicare, ambazo wengi huzitupa wakidhani ni matangazo, ndizo huonesha wizi huo mapema.

Kusafiri na kutuma vifaa nyumbani

Wapo wazee wanaopenda kurejea Bukavu, Kigoma au Mombasa kwa miezi kadhaa. Ila kwa hali chache mno, Medicare hailipi huduma wala vifaa nje ya Marekani, na hailipii oksijeni ya safari ya ndege. Mashine zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani huweza kuungua zikichomekwa kwenye umeme wa volti 220 hadi 240 wa Afrika Mashariki na Kongo, isipokuwa kama zimeandikwa kuwa zinahimili viwango vyote viwili.

Ipo pia desturi njema ya kuwatumia ndugu kiti au kitanda kisichotumika tena. Kifaa ambacho bado kinakodiwa ni mali ya muuzaji, na kukisafirisha kunaweza kumletea mzee deni. Kilichokwisha kuwa mali yake ni chake, lakini akikitoa, kwa kawaida Medicare haitambadilishia mpaka miaka 5 itimie.

Pa kupata msaada

Medicare ina simu isiyolipiwa, 1-800-633-4227, ambako anayepiga anaweza kuomba mkalimani bila gharama, na tovuti ya Medicare.gov ina orodha ya wauzaji waliosajiliwa. Kila jimbo lina washauri wa bima wasiotoza ada, chini ya mpango uitwao SHIP, wanaoweza kusaidia hata kuandika rufaa. Kwa vifaa visivyolipiwa, kila jimbo lina mpango wa vifaa saidizi unaofadhiliwa na serikali kuu, na baadhi ya makanisa na mashirika ya hisani huazima viti vya kuogea na fremu zilizotumika.

Familia inayomtarajia mzee kutoka hospitalini ina mambo manne ya kukamilisha kabla ya siku hiyo: kuhakikisha ana Sehemu B au mpango wa Advantage, kupata amri ya daktari inayotaja shida yake ndani ya nyumba, kumpata muuzaji anayekubali bei ya Medicare, na kuomba mkalimani kabla ya saini yoyote. Muuguzi au ofisa wa hospitali anayepanga safari ya mgonjwa kurudi nyumbani ndiye wa kuanza naye, akiwa bado wodini.